Chumba cha Kufungasha

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Wifi yako naye hajambo, tumbo linakua na anakula kama watu wawili waliogombana na njaa. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu jambo lenyewe si la kusema nikiwa na watu pembeni, na wewe huko ng'ambo kila ukipokea simu uko kikaoni, unanong'ona kama mwizi.

Ni hivi. Hapa karakana ya mawe mimi nipo chumba cha kufungasha. Tunapokea mabamba ya meza za jikoni yakishakatwa, tunayafuta, tunayazungushia sponji na kuyatia kwenye makreti. Kazi si mbaya. Lakini tangu mwaka jana chumba chetu kimeingiliwa. Mzee Patasi, tuliyekuwa tunashika naye kreti huku na huku, sasa hawezi kumaliza ngazi bila kukaa katikati. Mwenzetu mwingine, tuliyemwita Mcheshi, tumemzika mwezi uliopita. Kuna wanaosema ni sponji, kuna wanaosema ni gundi, na wengine wanasema chumba kina mkosi. Mimi sisemi kitu, ila asubuhi kabla ya kuingia navuta pumzi ndefu mlangoni, kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Wenzako wa utafiti walikuja na kile kidude cha kupuliza, wakatupima pumzi wote, chumba baada ya chumba, wakaandika, wakaondoka. Najua hesabu zinakuja kwako. Sisi nyumbani tunasema wewe ni daktari wa kuhesabu wagonjwa, humtibu hata mmoja. Basi leo mtibu mmoja. Kuna nafasi chumba cha kukata na Msimamizi ameniuliza kama naitaka. Kule kuna vumbi la kukatisha tamaa, lakini wakataji wenyewe ni wazima, wanataniana na kuimba siku nzima. Nikae nilipo au nihame? Neno moja linanitosha. Mtoto anakuja na mimi naogopa, sikufichi.

Mdogo wako,
Kitinda

---

17 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango wa ofisi. Ninachokuandikia hapa sina ruhusa ya kumwambia mtu. Matokeo ni siri mpaka yachapishwe, na Profesa wetu akijua nimekupa atanifukuza, tena atakuwa na haki. Ukimaliza kusoma, choma.

Hama.

Sijui nikueleze vipi bila kukutisha, na pengine ni vizuri utishike. Tumelinganisha watu wa kila chumba: ofisi, geti, kukata, kung'arisha, kufungasha. Mapafu ya wafungashaji ni mabaya kuliko ya wote. Ya wakataji ni mazuri, hata kuliko ya makarani. Mwanzoni nilidhani tumechanganya karatasi. Nikarudia hesabu yote upya, jibu likawa lile lile. Tunashuku sponji lenu, au ile dawa inayopulizwa kwenye mbao za makreti zisiliwe na wadudu. Bado hatujajua. Profesa ameshamwandikia mwenye kiwanda kwamba barakoa zote zipelekwe kufungasha kwanza.

Tangu barua yako ifike usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Wewe nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi kwa kanga ya Mama, na sasa naona chumba chako kwenye karatasi yangu kikiwa ndicho kibaya kuliko vyote. Nenda kwa Msimamizi mara tu uisomapo hii, mwambie unaitaka hiyo nafasi. Na domo lako lifunge, nakujua.

Dada yako

---

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimehama, na nimehama kwa mbwembwe. Wenzangu wa kufungasha wameniambia nimewakimbia, nikawajibu ndiyo, nimewakimbia.

Kukata si mchezo. Ile mashine inatakiwa imwagiwe maji ili vumbi lilale, lakini bomba lake liliharibika zamani na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho lilitoa maji, kwa hiyo tunakata kavu. Jioni nikitoka nimekuwa mweupe mpaka kope. Wifi yako anasema mtoto akizaliwa kitu cha kwanza atakachoogopa duniani ni baba yake. Barakoa hatuna, zimekuja nyingi lakini zote zimekwenda kufungasha, kama mlivyoagiza. Hainisumbui. Hofu imeniisha, na hiyo ndiyo dawa niliyokuwa naitafuta. Siku hizi nalala.

Msimamizi nimezidi kumpenda. Nilikuwa namwona mtu mkavu, kumbe ana huruma. Juzi nilikaa na Mzee Patasi wakati wa mapumziko, akanisimulia kwamba yeye ndiye alikuwa mkataji namba moja hapa, mabamba yake hayakuhitaji hata kupigwa msasa, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua. Mwenye kiwanda alitaka arudi nyumbani. Msimamizi akamchukua kimyakimya akamtia kufungasha, kazi nyepesi, apate riziki yake. Marehemu Mcheshi naye hivyo hivyo. Anasema wengi wa kule ndivyo walivyofika. Sasa fikiria, watu waliookolewa namna hiyo, halafu wanakutana na chumba chenye sumu. Roho inauma.

Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo usihangaike kupiga. Andika tu, barua zako nazipenda hata zikiwa za kunigombeza.

Mdogo wako,
Kitinda

---

19 Juni

Kitinda,

Acha chochote unachofanya. Usirudi chumba cha kukata, hata kama ni kuchukua kofia.

Barua yako ilinisubiri mezani muda mrefu, nilikuwa nimetumwa kwenye kituo kingine cha utafiti. Nimeifungua leo nikiwa nimesimama, begi bado begani. Kwenye kope nyeupe nilicheka. Nilipofika kwa Mzee Patasi nikakaa sakafuni katikati ya ofisi. Watu waliingia wakadhani nimefiwa.

Nisikilize vizuri. Sisi tuliwauliza watu wako chumba gani leo. Hatukuwauliza walitoka chumba gani. Hakuna aliyefikiria, wala mimi ninayelipwa kufikiria. Kumbe mtu akiugulia kukata anapelekwa kufungasha, halafu sisi tunakuja na kidude chetu tunamwandika mfungashaji. Kukata wanabaki wazima watupu, kwa sababu asiye mzima ameshatolewa. Ndiyo maana wanaimba. Kile chumba chako cha zamani kilikuwa kinapokea watu waliokwisha kuumia. Kinachowaumiza ni lile vumbi jeupe, na mimi ndiye niliyekutuma ukalivute.

Vumbi la mawe likishaingia ndani ya mapafu halitoki. Sikuandikii hivi kukutesa. Nakuandikia ili usinidanganye kwamba utavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Kila siku ni siku.

Nimepiga simu yako mpaka namba nimeichukia. Nimepiga ya ofisini kwenu, amepokea mwenye kiwanda mwenyewe, nikakata. Profesa nimemweleza. Alivua miwani, akasema tusikurupuke, ripoti imeshakwenda. Nimemwambia ripoti imemwendea ndugu yangu pia. Naogopa, Kitinda. Sijawahi kuogopa karatasi zangu mwenyewe namna hii.

Toka humo. Kisha nijibu maneno mawili tu: nimetoka.

Dada yako

---

28 Juni

Wifi,

Salamu nyingi. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima, na pua ni ya kwenu, hakuna wa kubisha. Nilitaka barua yangu ya kwanza kwako iwe ya furaha tupu, lakini sina furaha ya kutosha kujaza karatasi.

Nakuandikia mume wangu akiwa kazini na sijamwambia. Anakohoa. Alianza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo, nikawa namtania kwamba anataka kutoa hotuba. Sasa anakohoa mpaka anainama. Akimbeba mtoto kutoka kitandani hadi dirishani, akifika anatafuta pa kukaa, halafu ananiambia mtoto amekuwa mzito. Mtoto ni mdogo kama mkate, Wifi.

Simu yake haikutumbukia mahali. Alimpa mdogo wangu akaondoka nayo. Alisema wewe ukisikia sauti yake utajua, na ukijua utalia, na ukilia utakosea hesabu. Ndivyo anavyosema, kisha anacheka, kisha kicheko kinageuka kikohozi.

Nikimwomba aache kazi ananijibu kwamba Dada amesema kule ni salama, na Dada hakosei. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba si yeye peke yake. Amewaambia wenzake. Najua ilikuwa siri, msamehe, hawezi kuona mtu anaogopa akanyamaza. Walifika vijana wapya kufungasha mwezi wa nne, akawaambia huku mtakufa, hameni. Wamehamia kukata karibu wote. Wakipita hapa nyumbani wananiambia nikusalimie na nikushukuru sana.

Sasa niambie ukweli wewe. Hicho kikohozi ni cha nini? Usinifichie kwa sababu nina mtoto mchanga. Ninayemwogopea ndiye baba yake.

Wifi yako

---

11 Julai

Bwana Msimamizi,

Nakusalimu kwa heshima. Hunijui. Mimi ni dada wa kijana mnayemwita Kitinda, na pia ni mmoja wa watafiti waliowapima watu wako vifua. Barua hii nimemkabidhi mwenzangu anayekuja huko, nikamwomba akupe mkononi, isipite ofisini.

Sikuandikii kukushtaki. Nataka unijibu. Unapomtoa mtu kukata ukampeleka kufungasha, unaangalia nini? Umefanya hivyo tangu lini? Na kati ya wafungashaji tuliowapima, nani hakuwahi kukata mawe?

La mwisho si swali. Simamisha kukata mpaka bomba la maji litengenezwe, na zile barakoa zitoe kufungasha uwape waliovuta vumbi. Tulikosea. Nimeandika hivyo na kutia sahihi yangu. Profesa ametia yake jana, baada ya siku nyingi za kutosemeshana, na wapimaji watarudi kwenu kuanza upya.

Ndugu yangu mtoe leo. Nakuomba kama mtu anayemwomba jirani amtolee mtoto kwenye nyumba inayoungua. Wale vijana wengine nao watoe, wameingia humo kwa neno langu, na hata sura zao sizijui.

Dada wa Kitinda

---

25 Julai

Daktari,

Salamu kwako. Nimeisoma barua yako nyuma ya ghala. Hii yangu ukimaliza ichane, nina watoto wanasoma.

Umeniuliza naangalia nini. Naangalia bombani, lile la uani. Asubuhi kabla ya kengele wote hunawa pale, nami husimama karibu nikijifanya natafuta ufunguo. Watu wa mawe wote wanakohoa kidogo, hilo nalijua kwa sikio. Lakini anayekohoa akashika ukuta, huyo naondoka naye. Sisubiri aende hospitali, kwa sababu akirudi na cheti mwenye kiwanda anamtoa siku hiyo hiyo, hata koti hamalizi kuvaa. Nikimhamisha mimi mapema anaitwa mfungashaji, hakuna anayeuliza, na nyumbani kwake wanaendelea kula. Nimefanya hivyo tangu nilipokabidhiwa funguo. Wapo wanaoniita mtu wa roho nzuri.

Wapimaji wenu walipokuja mara ya kwanza nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa hawa wataona. Niliwafungulia milango, nikawatafutia viti. Hamkuniuliza kitu, nikadhani mnajua. Kisha likaja agizo kwamba ubaya uko kufungasha, na vijana wakaanza kuniomba niwapeleke kukata, wanasema utafiti umesema. Nilishangaa, lakini mimi ni nani nibishane na watu wenye mashine na karatasi? Nilikubali. Nimekaa na neno hilo tangu barua yako ifike na sijui niliweke wapi.

Kukata kumesimama tangu juzi. Nimemwambia mwenye kiwanda kwamba mashine imevunjika, na kweli imevunjika, nimeivunja mimi. Sijui nitamzungusha mpaka lini.

Umeuliza nani kati ya wafungashaji mliowapima hakuwahi kukata. Alikuwa mmoja tu. Ndugu yako.

Kuhusu kumtoa, usiniombe tena. Nilikuwa nimeshamtoa kabla barua yako haijafika. Amerudi kufungasha.

Msimamizi

---

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimetoka. Hayo ndiyo maneno mawili uliyotaka, ila nitaongeza mengine maana unanijua.

Barua yako ya Juni ilichelewa njiani na ilinikuta siku ileile Msimamizi aliyonihamisha. Kwanza nikahamishwa, ndipo nikaisoma. Katikati hapo nilifurahi. Nilikwenda nyumbani napiga mluzi, nikamwambia wifi yako nimerudi kwenye sponji langu, kazi nyepesi, kelele hakuna. Akaniambia barua yako iko mezani. Nikaisoma mpaka pale uliposema ndiyo maana wanaimba. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile bombani nilishika ukuta, na nilipoinua macho Msimamizi alikuwa ananitazama.

Naogopa, Dada. Ile hofu ya Februari ilikuwa hofu ya mlangoni, ningeweza kugeuka nikaondoka. Hii ninakwenda nayo, ninakula nayo, nikimbeba mtoto iko kati yangu na yeye. Hospitali wamenipiga picha ya kifua na wakaitana watatu kuiangalia. Wamesema kuna madoa, wamesema ni mapema kusema sana, wamesema nisiguse vumbi tena maisha yangu yote. Wifi yako aliwauliza maisha hayo ni marefu kiasi gani. Daktari akamwambia mtoto wenu mzuri.

Kwa hiyo usiniulize kama nimekukasirikia. Siku mbili nilikukasirikia. Niliandika barua mbaya, nikaichana. Wewe ulitaka nipone, na ningekuwa mimi mwenye zile karatasi ningekuambia uhame vile vile. Kinachonikosesha usingizi ni wale vijana. Wewe uliniambia nifunge domo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia waende kupimwa, na mmoja alinifungia mlango.

Wenzako wamerudi jana na kile kidude. Binti mwenye karatasi akaniuliza, chumba? Nikasema kukata. Akaangalia akasema hapana, wewe upo kufungasha. Nikamwambia nipo kufungasha lakini nimeumia kukata, andika kukata. Akasema kwa upole kwamba wana nafasi moja tu ya kujaza, na karatasi mpya bado hazijafika. Basi nikakaa kwenye kile kiti nikakataa kupuliza. Mzee Patasi akaja taratibu na fimbo yake, akasimama nyuma yangu, akasema na mimi ni mkataji. Aliyemfuata akasema hivyo hivyo, na aliyemfuata. Foleni nzima ya wafungashaji, Dada, mfungashaji hakuna. Yule binti akafuta, akaandika upya.

Nikapuliza. Nilipuliza kwa nguvu zote, mpaka nikaona nyota, na ile sindano ya kidude ilipanda kidogo ikasimama. Binti akaniambia nijaribu tena. Mara ya pili ikasimama pale pale.

Najua karatasi hizo zikikufikia hazina majina. Utakuta mkataji, mwanaume, umri mdogo, pumzi ya mzee. Huyo ni mimi. Usinipite haraka.

Kitinda